Mama wa Nyuma ya Kabati

Siku ya tatu tangu kabati lifungwe, upande wake wa nyuma ulianza kutoa baridi.

Mtu asiyeijua kazi hii atauliza, kuna ubaya gani hapo? Fundi Lebo alikuwa anaijua. Kabati la seva huvuta hewa baridi kwa mbele na kutoa hewa ya moto kwa nyuma, mchana na usiku, maana kompyuta inayofanya kazi ni jiko. Ukiweka kiganja nyuma yake, unatakiwa ukitoe haraka. Yeye alikiweka, akakiacha, kikaanza kufa ganzi. Hewa iliyokuwa ikitoka ilikuwa baridi kama ya ndani ya kisima, na ilikuwa na harufu ya nywele mbichi, nywele zilizooshwa zikafungwa kabla hazijakauka.

Akafanya nini? Akafurahi. Alitazama kioo cha kompyuta yake ya mkononi, akaona seva zote tatu zinachapa kazi, taa zote kijani, akasema moyoni kwamba kiyoyozi kipya kimezidi sifa zake. Kuna watu ukiwapa dalili ya balaa watakushukuru.

Walimwita Fundi Lebo kwa sababu alibandika lebo kwenye kila kitu. Kila waya ulikuwa na kikaratasi chenye namba, kila swichi ya ukutani, hata kopo la sukari jikoni liliandikwa SUKARI, kana kwamba mkewe angeweza kulidhania chumvi baada ya miaka sita ya ndoa. Alikuwa mtu wa mpangilio. Mpangilio huo huo ndio uliomfanya amtoe mama yake chumbani.

Hapo ndipo penye aibu, na sitaizunguka. Fundi alikuwa amepewa kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati nane, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima, na wenye zahanati walitaka seva ikae mahali pasipo jua wala vumbi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na stoo uani. Chumba cha mama ndicho kilichokuwa na kuta nene, dirisha dogo lililoangalia kivulini, na boksi la umeme nyuma ya ukuta. Mama alikuwa amelala humo miaka arobaini. Alizalia humo, akafiwa na mume humo. Sasa kitanda chake kikapelekwa stoo, kati ya matairi mabovu na madebe ya rangi. Miaka mitatu alikuwa anaomba feni. Kabati lilipata kiyoyozi siku ya kwanza.

"Nikitoka mimi, chumba hiki hakitakaa kitupu," mama alimwambia siku ya kuhama, ameukumbatia mto wake. "Humu tunaishi wawili. Nimemzoea, na yeye amenizoea. Ananiogopa kidogo. Wewe hatakuogopa."

"Panya?" Fundi aliuliza, huku anapima sakafu kwa futi.

"Panya ni wewe," mama akasema, akatoka.

Kazi ya kulisimamisha kabati ilimchukua siku mbili, na nitasema ukweli, aliifanya vizuri. Alilinyoosha kwa pima maji mpaka kile kiputo kikatulia katikati. Betri za akiba, ambazo ni nzito kama mawe, alizilaza chini kabisa ili kabati lisije likamwangukia mtu. Juu yake akafunga reli kushoto na kulia, akasukuma seva moja moja mpaka zikaingia kwa mlio. Kabati lilikuwa na nafasi arobaini na mbili na vifaa vyake vilijaza tisa tu. Nafasi tupu huzibwa kwa vibati, ili hewa ya moto ya nyuma isirudi mbele. Kila mteja wake alihubiriwa hivyo mpaka akachoka kusikia. Nyumbani kwake mwenyewe akasema atavinunua baadaye. Basi kabati likabaki na mianya, myeusi, iliyopangana kutoka magotini hadi usawa wa paji la uso.

Wiki ya pili alikuta nyaya zimefungwa.

Alikuwa ameziacha zikining'inia nyuma ili azipange akipata muda. Alipofungua mlango wa kabati, zilikuwa zimekusanywa matita matita, zimenyooka, na kila tita limefungwa kwa ukanda wa kitambaa chenye fundo la kupinda kushoto. Fundo lile alilijua. Mama yake alifungia hivyo vifurushi vyote maishani mwake, na shati la kwanza la shule la Fundi lilikuja nyumbani limefungwa hivyo.

Akaenda stoo. Mama alikuwa amekaa kitandani, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Mama, umeingia kule chumbani?"

"Hata kitasa chake sijakigusa. Unaniona na nguvu za kutembea huku na huku?" Akakohoa, kikohozi kikavu kilichomkunja. "Niletee maji, mwanangu. Vumbi la humu linanimaliza."

"Nitakuletea," akasema, akarudi kutazama yale mafundo. Maji aliyakumbuka jioni.

Ndipo ikaja siku ya diski.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama nje na barabara imenyamaza. Mkewe, ambaye alikuwa nesi, alikuwa zamu. Taa moja ya seva ya katikati iligeuka ya njano. Hili halikumtisha, ndiyo maana kila seva ilikuwa na diski mbili zilizoandikwa kitu kilekile, neno kwa neno, ili moja ikifa nyingine iendelee. Unachomoa mbovu, unaweka mpya, ile nzima inaijaza mpya kila kilichokuwemo. Kosa ni moja tu katika kazi hiyo, na mafundi husimuliana kwa kunong'ona: kuchomoa ile nzima.

Alipiga magoti mbele ya kabati, akahakikisha lebo mara mbili, akabonyeza kitasa kidogo, akaivuta.

"Hiyo mbovu unaipeleka wapi?" sauti ya mama yake ikauliza.

"Inatupwa, mama," akajibu bila kuinua kichwa, maana alikuwa anaogopa kuigusisha kwenye chuma. "Ile nyingine ina kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hakipotei chochote."

"Vizuri sana," sauti ikasema.

Na wakati uleule, kutoka uani, kupitia ukuta mnene, alisikia kikohozi, kisha mama yake akiita kwa taabu: "Maji! Jamani, kuna mtu humo ndani?"

Diski ikamponyoka. Alijiambia asiinue macho, akayainua, na kupitia mianya ile ambayo hakuiziba kwa vibati, kati ya seva ya pili na ya tatu, akamwona mama yake ameketi nyuma ya kabati, mahali ambapo kutoka chuma hadi ukutani palikuwa na shubiri mbili tu, mahali ambapo paka angepita kwa kujibana, naye ameketi pale kwa raha zake, miguu ameikunja, mikono imelala mapajani, hajabanwa na kitu, mashavu yamejaa kama alivyokuwa miaka kumi iliyopita, nywele zimelowa na kubanwa nyuma, anamtazama mwanawe kwa upole ambao Fundi alikuwa hajauona tangu alipokuwa na meno ya utoto.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Unafanya kazi sana. Hakuna anayekuambia, lakini mimi ninaona."

Fundi alikimbia. Hakuona mlango wala kizingiti. Alijikuta uani, mkononi ana bisibisi. Na nitakuambia jambo lililomsumbua kuliko hofu yenyewe: alikuwa anatokwa na machozi, na hayakuwa ya hofu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya kazi sana.

Mkewe aliporudi alimweleza wakiwa wamesimama jikoni, bomba limefunguliwa ili sauti zao zisisikike.

"Wawili?" mkewe akanong'ona.

"Wawili. Mmoja stoo, mmoja nyuma ya kabati."

Nesi alikuwa mwanamke mkavu. Alifunga bomba, akajifuta mikono, akaenda chumbani, akakaa humo kama dakika mbili. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

"Amenisalimia," akasema. "Vizuri kabisa. Akaniuliza habari za zamu, akanipa pole na miguu. Mama yako hajawahi kunisalimia vizuri tangu siku ya harusi. Yule si mama yako."

"Usiseme kwa sauti."

"Mrudishe mama chumbani kwake. Leo. Si alikuambia kwamba huyo anamwogopa? Toa hilo kabati, rudisha kitanda, mambo yaishe."

"Na zahanati nane? Kumbukumbu za watu zote hizo nizipeleke wapi, uani?"

"Nakuuliza kuhusu mama yako, unanijibu zahanati."

Fundi akajitia hamnazo. Alisema atatafuta mahali pengine pa kabati, mwezi ujao, mambo yakitulia. Nesi akaenda stoo na kipima joto. Akarudi akasema mama ana homa, na kifua chake kinalia kama karatasi, na mtu mwenye kifua kile halali kwenye vumbi la rangi. Alitaka kumlaza sebuleni. Mama mwenyewe akakataa. Alisema alitolewa chumbani kwake akiwa na akili timamu, na atarudi chumbani kwake au atoke moja kwa moja.

Baada ya hapo mambo yakashika kasi, na yote yalikwenda upande mmoja.

Mama wa stoo alianza kupungua. Leo jino, kesho jina la jirani, keshokutwa njia ya kwenda msalani. Aliyekuwa anajipepea sasa alisahau boksi ni la nini. Na kila alichopoteza uani, Fundi alikikuta chumbani. Jino lililotoka stoo asubuhi lilikuwa limeota, jeupe, mchana nyuma ya kabati. Kumbukumbu iliyokauka huku ilikuwa mbichi kule. Alikikuta kwa sababu sasa alikuwa anaenda huko. Siku za kwanza alisimama mlangoni na kujikaza. Baadaye akaingia na kigoda. Alikaa mbele ya kabati, feni zikivuma, baridi ikimpiga usoni na ile harufu ya nywele mbichi, akaongea na mianya. Na mianya ikamjibu kwa sauti ya kumbembeleza. Ilimsifu. Haikuomba maji.

Siku moja akaamua kuwapima kama fundi anavyopima nyaya, ncha hii na ncha ile. Alianza stoo.

"Mama, nilipougua surua, ulinilaza wapi?"

Mama alimkodolea macho. Alijitahidi, Mungu anajua. Alishika paji la uso kana kwamba jibu limekwama pale. "Surua?" akasema mwishowe. "Wewe uliugua surua?"

Akaenda chumbani, akauliza hilohilo.

"Chini ya meza," sauti ikasema papo hapo. "Mwanga ulikuumiza macho, ukataka giza. Nikatandika chini ya meza, nikalala nawe humo siku nne. Uliniambia, mama, usitoke. Sikutoka."

Fundi akajifunika uso akalia kwa kwikwi.

"Mwezi uliopita alikuwa anaisimulia hiyo hiyo mpaka inachosha!" nesi alimwambia usiku, kitandani, mdomo karibu na sikio lake. "Hukumbuki? Ile ya surua, ile ya kudondoka kwenye pipa, zote. Yule anamnyonya. Anatoa huku anaweka kule. Hata diski zako si ndivyo zinavyofanya?"

"Au huyu wa stoo hakuwahi kuwa nazo," Fundi akasema gizani.

"Unataka iwe hivyo," nesi akasema. Akageukia ukutani.

Ndivyo alivyotaka. Nimemjua mtu wa namna hiyo, na hata wewe huenda unamjua. Mama aliyempeleka stoo alikuwa anamtazama kila apitapo uani, na jicho lile lilikuwa linasema alichofanya. Mama wa nyuma ya kabati hakusema. Kama wa stoo ndiye jini, basi Fundi hakuwahi kumlaza mama yake kwenye vumbi. Alimlaza jini, na mama yuko mahali pa baridi, kwenye kiyoyozi, anatunzwa. Hesabu ilikubali. Mtu akishapata hesabu inayomwosha hivyo, hata umwonyeshe kipima joto mara mia, hatakisoma.

Siku moja mama wa stoo alimshika mkono alipomletea uji. Vidole vilikuwa vya moto.

"Utaniua, mwanangu," akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwambia mvua itanyesha.

Fundi alikwenda akalieleza hilo chumbani.

"Mama anaweza kumtamkia mwanawe neno kama hilo?" sauti ikauliza.

"Hapana."

"Katika kazi yako, nzima na mbovu mnaziacha zikae pamoja?"

"Hapana, mama."

"Basi," sauti ikasema, kwa huruma sana.

Alimwita mganga siku ambayo mkewe alikuwa na zamu ya kutwa. Mganga alijulikana kwa jina la Mzee Pasi, kwa jinsi suruali yake ilivyonyooshwa, na alikuja na mkoba wa ngozi kama karani. Hakuwa tapeli. Ingekuwa nafuu angekuwa tapeli. Alisimama mlangoni mwa chumba, akanusa mara moja, akarudi nyuma hatua mbili.

"Limo," akasema. "La zamani. Lilikuwa limetulia, nani kalichokoza?"

Fundi akaongoza njia. Wakaenda stoo, mganga akamtazama bibi aliyelala, akanusa tena, akatikisa kichwa.

"Hata huku harufu ipo. Limeshika kote kuwili. Likifikia hapa, bwana, hata mimi silitenganishi na mtu wake. Pumzi moja, sura moja. Kazi yangu kufukuza, kutambua si kazi yangu. Anayetambua ni aliyenyonya."

"Mimi?"

"Kuna mwingine aliyenyonya hapa? Mama ni wako. Utanionyesha kwa kidole, mara moja, na utatamka, kisha nitafanya. Ukishatamka halirudi nyuma."

"Na nikikosea?"

Mzee Pasi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mtu anakoseaje mama yake?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Hakujua.

Mama wa stoo alikuwa macho. Alikuwa amesikia, na siku ile, sijui kwa nini, akili yake ilikuwa imemrudia kidogo, kama taa inavyowaka mara ya mwisho kabla mafuta hayajakwisha. Alimtazama mwanawe. Hakujitetea. Labda aliona haya kujitetea kwa jambo kama lile mbele ya mgeni.

Fundi Lebo alinyoosha kidole.

"Huyu ndiye jini," akasema. "Mama yangu yuko chumbani."

"Haya," mama akasema polepole, akafumba macho.

Walimtandikia mkeka uani, kivulini mwa ukuta. Mzee Pasi alimfunika shuka kichwa hadi miguu, akaingiza chini yake chetezo cha makaa, akanyunyiza pilipili kavu na mizizi aliyoitoa kwenye mkoba, akaanza kusoma na kuamrisha, toka, toka ulikotoka, mwili huu si wako. Moshi ukajaa chini ya shuka na shuka ikaanza kupanda na kushuka, na kikohozi kikaja, si kile kikavu cha siku zote bali kirefu, cha kuchanika, kimoja hakijaisha kingine kimeingia juu yake, na katikati ya vikohozi sauti ikawa inasema mwanangu, mwanangu nakohoa, mwanangu fungua kidogo nipumue, naye Fundi alikuwa ameshika ncha ya shuka kama alivyoagizwa, ameikanyaga kwa goti ili moshi usitoke, anatazama ukutani, anahesabu matofali, na nyuma yake ndani ya nyumba alisikia feni zote za kabati zimepandisha mwendo kwa pamoja, zinavuma kama watu wengi wanaocheka wakiwa wamefunga midomo.

"Anasema anakohoa," Fundi akanong'ona.

"Yote yanasema hivyo," mganga akajibu, jasho linamtoka. "Usilegeze."

Hakulegeza. Shuka ilipanda mara ya mwisho, ikashuka, ikatulia.

Mzee Pasi akatoa chetezo, akamwagia maji. "Limetoka," akasema, akipangusa magoti ya suruali. "Sasa usishtuke. Hilo lililobaki chini ya shuka si mwili, ni moshi ulioganda. Jini haliachi maiti. Chemsha chai, unywe kikombe kimoja taratibu. Ukimaliza, inua shuka. Utakuta mkeka mtupu." Akafunga mkoba wake, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Fundi alichemsha chai. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akaitazama shuka, akanywa taratibu kama alivyoambiwa. Alipomaliza alikwenda akainua upande wa miguu. Miguu ilikuwepo, kucha zimepauka, kisigino kina ufa wa siku zote.

Akarudisha shuka. Pengine alikunywa haraka mno. Akamimina kikombe cha pili, akakinywa kwa funda dogo dogo mpaka kikapoa, mpaka kivuli cha ukuta kikahama kwenye mkeka na jua likaiwakia shuka. Akainua upande wa kichwa. Uso ulikuwepo. Mdomo ulikuwa wazi na pembeni pake kulikuwa na povu lenye masizi, na inzi wawili walikuwa wamekwisha kuijua njia.

Nesi alimkuta hapo alipotoka zamu, ameshika kikombe kitupu. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaweka vidole shingoni, kwa mazoea tu, akainua mkono wa maiti akaona umeanza kukakamaa. Akamfunga mama kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Si yeye. Mganga amesema atayeyuka."

"Nimekuuliza amekufa saa ngapi."

"Atayeyuka," Fundi akasema. "Ni suala la kusubiri."

"Majini hayakakamai, mume wangu." Hapo sauti ya nesi ikakatika. "Huyu ni mama. Umemfukizia mama pilipili kifuani mpaka akafa, na ulikuwa umemshika."

Fundi alifungua mdomo. Kwa muda mfupi, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeelewa. Nesi alisema baadaye kwamba kama angeanguka pale, akalia, angemwinua. Lakini kutoka ndani ya nyumba, laini, isiyo na haraka, sauti ikaita:

"Mwanangu! Mbona mimi sijaletewa chai?"

Wote wawili waliisikia. Fundi akasimama. Uso ukajifunga. Alikwenda jikoni, akamimina kikombe kingine, akakoroga sukari vijiko viwili, akampita mkewe na mkeka bila kuangalia chini, akaingia chumbani.

Nesi alibaki na mikono yake juu ya maiti. Alimsikia mumewe akipiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu mzuri." Kijiko kiligonga kikombe. Mtu alikunywa, kwa sauti, hadi tone la mwisho. "Stoo sasa iko wazi. Mkeo atatosha?"

Feni zikavuma.

"Atatosha, mama," Fundi akasema.